Kunjo Juu ya Kiwiko

Wenzake wa ofisi ya vifurushi walimwita Bi Mwendo, na walimwita hivyo kwa utani, maana hakuna aliyewahi kumwona akienda mbio. Alikuwa mwendesha pikipiki wa kusimama kuku wapite. Waendeshaji wengine, wanaume watupu, walimpita barabarani wameinamia usukani kana kwamba wanafukuzwa, halafu jioni wakamkuta ofisini amekwisha vua helmeti, ana kikombe cha chai mkononi, na vifurushi vyake vyote vimefika bila kubonyea. Wao walikimbilia wasikokujua, yeye alijiendea polepole anakokujua. Hilo lilikuwa likiwaudhi, lakini walimpenda, na ofisi ilipokuwa na kitu cha kuvunjika ilimpa yeye.

Kazi yenyewe hakuiomba. Aliingia pale kuwa mtu wa mizani, wa kupima vifurushi na kuvibandika karatasi ya uzito. Siku moja mwendeshaji akashikwa na tumbo, na ng'ambo ya mto kulikuwa na zahanati iliyokuwa ikisubiri dawa za macho. Bi Mwendo akasema, kama utani, kwamba yeye anajua kuendesha. Kaka yake alimfundisha kabla hajaolewa, kwenye uwanja wa mpira, kwa kumkimbilia nyuma huku akimfokea. Wakampa ufunguo kwa shingo upande. Alirudi jua likiwa bado juu, na tangu siku hiyo mizani ikatafutiwa mtu mwingine, njia ya ng'ambo ya mto ikawa yake.

Aliyeumizwa na habari hiyo ni mama mkwe wake. Walikaa nyumba moja: Bi Mwendo, mumewe, na mama mzaa mume, katika vyumba viwili na sebule yenye dirisha linalotazama barabara. Mama mkwe alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ndogo, na si mtu wa kurudia neno. Alisema mara moja kwamba pikipiki si mnyama wa kufugwa na mke wa mtu, kisha akafanya jambo baya kuliko kusema. Akanyamaza. Miaka ikaenda, na katika nyumba ile mlizungumzwa kila kitu chini ya jua isipokuwa pikipiki iliyokuwa imeegeshwa nje ya mlango. Mume, mtu wa kazi ya mikate, aliyekuwa akitoka alfajiri na kurudi na unga kwenye nyusi, aliona hiyo ndiyo amani, akala chakula chake.

Ndipo akaanguka. Haikuwa kwa mwendo mkali, hata watani wake hawakuthubutu kusema hivyo. Lori lilimwaga mafuta kwenye kona, mvua ikayatandaza, na gurudumu la mbele likamponyoka kama sabuni bafuni. Alikuwa amevaa sweta. Sweta liliisha mapema, na baada ya sweta ikafuata ngozi ya mkono wa kulia, kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alichokuwa amebeba, miwani ya mwalimu fulani, kilitoka salama, na hospitalini ndicho kitu alichouliza kwanza.

Kidonda kile kilioshwa na mama mkwe. Asubuhi na jioni alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe, akaketi na mkono wa mkamwana wake mapajani. Alifanya hivyo mpaka ngozi mpya ikaota, nyororo na nyepesi kama ya mtoto mchanga, na siku zote hizo hakusema "nilikwambia" hata mara moja. Sidhani kama yupo mtu mwingine katika mtaa ule ambaye angeweza. Bi Mwendo alipokea huduma ile kama mtu anavyopokea haki ya mgonjwa, akiwa na maumivu yake na hofu zake, na asante alizotoa zilikuwa zile za kawaida za kupokea kikombe.

Kidonda kilipofunga, waendeshaji wenzake walikuja nyumbani kumtazama. Walijaa sebuleni, kila mtu na helmeti yake mkononi, wakiwa na aibu kama wakwe wapya. Walikuwa na boksi. Ndani yake mlikuwa na koti la ngozi, suruali ya ngozi, glavu na buti, vyote vyeusi, vyote vipya, vimekatwa kwa kipimo cha ovaroli yake ya zamani waliyoiiba kabatini mwa ofisi. Mkubwa wao alikuwa ametayarisha hotuba, ikamkwama.

"Tumechoka kukuombea," alisema. "Vaa."

Bi Mwendo alilia mbele yao bila kujificha, nao wakaanza kutazama dari. Alijua vizuri kwamba wengi wao wenyewe walikuwa bado wanaendesha na vizibao vya kitambaa. Kwa hiyo alipolivaa lile koti na kukuta halikunjiki, hakusema neno ila asante. Lilikuwa la ngozi nene ya ng'ombe, yenye kinga ngumu mabegani na viwikoni, na ukiliweka chini lilisimama lenyewe. Mikono yake ilibaki imekaa kando kama ya mtoto aliyevalishwa masweta matatu. Mama mkwe, aliyekuwa akipitisha chai, aligonga mgongo wa koti kwa kidole.

"Hili lingetufaa kwa mlango," alisema, akaenda zake jikoni.

Waendeshaji walicheka. Bi Mwendo hakucheka sana, kwa sababu mkuu wa waendeshaji alikuwa amemweleza jambo jana yake. Hakulisema kwa ubaya. Mwisho wa mwezi Bi Mwendo angevaa vazi lote la ngozi, azunguke vizuizi vilivyopangwa uani kwa ofisi, na filimbi ikilia asimame ghafla kabla ya mstari. Mkono wa kulia ndio unaokaza breki ya mbele. Kama mkono ule, pamoja na koti juu yake, usingeweza kukaza kwa wakati, basi angebaki stoo kupanga vifurushi kwenye rafu, na njia ya ng'ambo ya mto angepewa mwingine moja kwa moja. Wakati huo alikuwa tayari yuko stoo, chumba kisicho na dirisha, na kila pikipiki ilipowashwa nje alijikuta amesimama na kifurushi mkononi, amesahau rafu yake ni ipi.

Akaenda kwa Fundi Gundi, mshona viatu wa pale kwenye kona, aliyeitwa hivyo kwa sababu vidole vyake havikuwahi kubanduka vizuri. Fundi Gundi alipenda kuzungumza kuliko kushona. Alimwambia koti asilianike juani wala asilisogeze motoni, maana ngozi ikikaushwa kwa pupa hupasuka. Asilipake mafuta ya kupikia, hata jirani akiapa kwamba yanalainisha, kwani yatavunda ndani yake. Alifute kwa kitambaa chenye unyevu, alipake nta ya nyuki kidogo kwenye mishono na kwenye maungio, alitundike kwenye hanga pana la mbao, asilikunje kabatini. Lakini zaidi ya yote alivae. Alivae kila siku, ameketi kama anavyoketi juu ya pikipiki, mikono mbele, mpaka joto la mwili lifanye kazi yake.

"Ngozi inakariri tu," alisema. "Ukiifundisha vibaya, itakariri vibaya vilevile."

Basi kila jioni, akitoka stoo, Bi Mwendo aligeuza kiti cha sebuleni, akakipanda kinyumenyume, akaegemea mbele na kushika mgongo wake kama usukani. Haba na haba hujaza kibaba. Mumewe alikula chakula chake akimzunguka. Watoto wa jirani walikuja dirishani kumuuliza anakwenda wapi, naye akawajibu kwamba anakwenda mjini, awaletee nini. Ilikuwa mizaha mitupu kwa nje. Kwa ndani mshono wa mkono wa koti ulikuwa ukikaa sawasawa juu ya ngozi mpya, na kila alipokunja kiwiko alihisi kama anakwanguliwa. Alikuwa akiuma mdomo na kugeuza uso upande wa ukuta, na alijiaminisha kwamba hakuna aliyeona.

Baadaye koti likaanza kulainika, tena upesi kuliko alivyoambiwa. Asubuhi aliliacha gumu, jioni akalikuta limelegea begani. Akaisifu nta. Akawapelekea wenzake salamu kwamba walichagua ngozi nzuri. Lakini kadiri lilivyolainika ndivyo lilivyozidi kumkataa. Tumbo lilitokeza mbele pasipo na tumbo, na mkono wa kulia haukukunjika kwenye kiwiko. Ulikunjika juu yake, kwa upana wa vidole vinne, ukasukuma kinga ya kiwiko pembeni na kumfinya msuli. Akikaza mkono kama wa kushika breki, koti lilimrudisha nyuma. Siku yake ya mapumziko alilibeba mpaka kwa Fundi Gundi.

Fundi Gundi aliligeuza, akalinusa, akapitisha kidole kwenye lile kunjo.

"Koti hili lina mtu mwingine," alisema.

Bi Mwendo alicheka. Fundi hakucheka. Alimwonyesha kwamba kunjo lile halikutokana na mkono wake hata kidogo. Lilikuwa la mtu mwenye mkono mfupi na kiwiko cha juu, na mtu huyo, kama pua yake haikumdanganya, alikuwa akikata vitunguu. Hapo Bi Mwendo hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mumewe alikuwa mrefu kama ngazi, na katika nyumba yao mkata vitunguu alikuwa mmoja.

Alirudi nyumbani akiwa na moto kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye aliona wamemsema yeye kwa jina. Alikumbuka neno la mnyama wa kufugwa. Alikumbuka ule mlango. Alikumbuka miaka yote ya kimya, akaona sasa anakielewa: mtu aliyeshindwa kumshusha kwenye pikipiki kwa ulimi alikuwa amepata njia ya kumshusha kwa koti. Siku ya majaribio ilikuwa imekaribia, na mama mkwe hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kulikunja vibaya mchana na kulirudisha kwenye hanga jioni. Usiseme alikosa shukrani. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu huona nyoka kwenye kila kamba. Kesho yake akaomba ruhusa stoo, akarudi nyumbani mchana, akiwa amepanga maneno yake mstari kwa mstari.

Aliyaona mambo kupitia dirisha kabla hajafika mlangoni. Kiti kilikuwa kimegeuzwa. Mama mkwe amekipanda kinyumenyume, gauni la nyumbani limepandishwa magotini, koti limefungwa zipu mpaka kidevuni, glavu mikononi, kichwani kitambaa chake cha jikoni. Suruali ya ngozi ilikuwa imelala sakafuni kama kitu kilichoshindwa vita. Alikuwa ameijaribu, ikamkatalia kwenye mapaja. Amekaza macho mbele. Midomo yake ilitoa mlio wa pikipiki, tena pikipiki mbovu ya zamani, yenye kukohoa, na kila baada ya muda alikaza mkono wa kulia kwa nguvu zake zote, akakunja kiwiko, akaachia, akakaza tena. Kwenye meza kando yake kulikuwa na ubao wa vitunguu vilivyokatwa nusu. Jasho lilimtiririka kama mtu anayepanda mlima.

Bi Mwendo akasukuma mlango. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Mama mkwe hakushuka. Hakuweza, zipu ilikuwa imekwama. "Naendesha tangu asubuhi, na bado sijafika popote."

Katika siku nyingine Bi Mwendo angekaa chini kwa kicheko. Lakini hofu ilikuwa bado haijamtoka, akauliza, kwa adabu ila bila kutabasamu, mama analifanyia nini koti lake. Mama mkwe alitazama glavu zake.

"Linakuuma," alisema. "Kila jioni nakuona unageukia ukuta, unauma mdomo. Ile ngozi ya mkono wako nimeiotesha mimi, mwanangu. Nikasema, kama hili koti lazima lile mtu ndipo lilegee, basi linile mimi kwanza."

Bi Mwendo alisimama pale na kitasa cha mlango mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu ajisikie masikio yake yanawaka, na chini ya aibu kukapanda shukrani kubwa. Alipiga magoti, akaipaka zipu nta, akaiteremsha jino kwa jino. Mikono ya mama mkwe ilipotoka ndani ya koti, aliona. Ndani ya viwiko ngozi ilikuwa imechubuka mistari mistari, nyekundu, mingine imeanza kukauka na mingine ya siku ileile, na juu ya mkono wa kulia kulikuwa na alama nyeusi ya damu iliyovilia, upana wa vidole vinne. Mama mkwe akajaribu kuishusha mikono ya gauni. Haikufika.

Akachemsha maji, Bi Mwendo, akatia chumvi, akayaacha yapoe. Akaketi na mkono wa mama mkwe mapajani mwake. Akaukosha, akaupaka mafuta, na alipokuwa akipaka akasema asante. Alisema asante ya kidonda, ya maji ya chumvi, ya asubuhi zote na jioni zote zile, ya kutosema "nilikwambia". Asante ilikuwa imechelewa na ilikuwa ndefu, na mama mkwe aliisikiliza yote, akageuza mkono upande wa pili ili apakwe na huko.

"Bado naiogopa hiyo pikipiki," alisema mwishowe. "Nataka ujue hivyo."

"Najua, mama."

"Lakini nilikuona ulivyokuwa ukilala bila hiyo kazi. Hukuwa unalala."

Kuhusu kunjo, hakumwambia. Wewe ungemwambia? Alimwomba tu, kwa kuwa sasa koti limelegea vya kutosha na mikono ya mama inahitaji kupona, amsaidie kwa namna nyingine: awe mkuu wa waendeshaji. Mama mkwe aliichukua kazi hiyo kama aliyezaliwa nayo. Kila jioni alikaa mbele ya kiti na mfuniko wa sufuria na mwiko, akamwacha mkamwana wake aendeshe, aendeshe, ajisahau, halafu akagonga mfuniko, na Bi Mwendo akakaza breki ambayo haipo. Akichelewa, anaambiwa amekwisha gonga mtu, arudi mwanzo. Mume aliporudi na unga wake kwenye nyusi alikula jikoni, akasema huko ndiko kuliko na amani.

Fundi Gundi naye alifanya aliloweza. Alimfundisha kubandika kitambaa cha maji ya uvuguvugu ndani ya kiwiko cha koti, alivae likiwa bado na unyevu, alikunje mahali panapotakiwa na lisivuliwe mpaka likaukie mwilini. Akafanya hivyo kila jioni. Kunjo jipya likaanza kujichora kwenye kiwiko, na kinga ikarudi mahali pake. Kunjo la zamani halikufutika. Lilikaa pale juu, limetulia kidogo, na siku ya majaribio ilipofika hakuna aliyejua litatii au litagoma, hata fundi mwenyewe.

Waendeshaji wote walichelewesha safari zao wasimame ukutani. Bi Mwendo alizunguka vizuizi polepole, kama kawaida yake, na hakugusa hata kimoja. Mkuu wa waendeshaji akamwashiria aongeze mwendo, akaongeza. Uani pakawa kimya, ukasikika mlio wa injini peke yake. Filimbi ikalia. Akakaza mkono wa kulia, na lile kunjo likamfinya juu ya kiwiko, sawasawa pale pale alipoiona ile alama nyeusi kwenye mkono wa mwingine. Mkono ukakunjika. Breki ikashika. Gurudumu la mbele likasimama kabla ya mstari, pikipiki ikainamisha pua na kutulia, na wale wanaume wakapiga kelele mpaka wenye duka la jirani wakatoka kuangalia kuna nini.

Mkuu wa waendeshaji alimkagua vazi lote kabla ya kumrudishia njia yake. Alivuta mishono, akagonga kinga, akanusa nta, akaridhika. Kwenye mkono wa kulia akasimama. Alisema hapo pamekaa vibaya kidogo, panaweza kumsumbua safari ndefu. Alijua mtu mwenye mashine ya kupasha ngozi moto, angeweza kulinyoosha kunjo lile lisionekane tena. Bi Mwendo akamshukuru, akasema hapana, liachwe.

Sasa anavuka mto kila siku ya kazi. Siku ya mapumziko koti hutundikwa kivulini, na mama mkwe hulifuta na kulipaka nta mwenyewe, hataki kusaidiwa. Safari ni ndefu, kona ni nyingi, na malori hayajaacha kumwaga mafuta. Kila Bi Mwendo akikaza breki, kunjo lile humfinya juu ya kiwiko, kidogo tu. Helmeti humfunika mdomo, kwa hiyo wapita njia hawajui kwamba kila akifinywa hujibu, "Nimesikia, mama."